Iodini na wenzake: kwa nini matone ya dukani si tiba ya tezi ya shingo

ZAMANI, mtu aliyezuru masoko ya nyanda za juu humu nchini hakukosa kumwona mama au mzee mwenye uvimbe mkubwa shingoni. Uvimbe huo ni rovu, ambao wengi huujua kwa jina la goita. Uchunguzi wa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa katika sehemu nyingi za nyanda hizo rovu lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu hawakulihesabu kuwa ugonjwa. Leo limekuwa nadra, hasa miongoni mwa watoto, na vijana wengi wa mijini hawajapata kuliona.

Hata hivyo, wakati rovu lilipokuwa likitoweka, biashara nyingine ilichipuka. Vidonge vya mwani, matone ya iodini na makopo ya seleniamu huuzwa madukani na mitandaoni kama dawa ya uchovu, unene, nywele kukatika na hata ugumba, na maelezo yake hayakosi kutaja "afya ya thairoidi". Swali ambalo wauzaji hawalijibu ni iwapo mnunuzi amepungukiwa na iodini kwa kweli. Kwa Mkenya anayetia chumvi ya pakiti chunguni mwake, jibu mara nyingi ni la. Na hata pale ambapo upungufu upo, iodini haifanyi kazi peke yake. Inahitaji madini ya chuma, seleniamu na vitamini A, na utaratibu wa kuviongeza virutubishi hivyo una uzito wake, kama walivyogundua madaktari waliofanya kazi katika nchi jirani ya Kongo.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili ambazo maabara huziandika T4 na T3. Ya kwanza ina atomu nne za iodini na ya pili ina tatu. Homoni hizi ndizo huamua kasi ambayo mwili hutumia chakula, mapigo ya moyo, joto la mwili na, kwa mtoto, ukuaji wa mifupa na ubongo. Iodini ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutuma amri kali zaidi, kwa homoni iitwayo TSH, ikiitaka thairoidi iongeze juhudi. Thairoidi hujitanua ili inase kila chembe ya iodini inayopita katika damu. Kutanuka huko ndiko rovu.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mikrogramu 90 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, 120 kwa mwenye umri wa kati ya miaka 6 na 12, 150 kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Iodini yote ambayo mtu mzima anahitaji kwa miaka 60 haifiki gramu nne, na haiwezi kujaza kijiko cha chai. Taabu ni kwamba mwili hauwezi kuihifadhi kwa muda mrefu. Ni sharti ije kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Chumvi ya bahari na chumvi ya pakiti

Mvua ya maelfu ya miaka huosha iodini kutoka kwa udongo wa milimani na kuipeleka baharini. Ndiyo maana wakazi wa milima ya Alps, Himalaya na Andes waliteseka kwa rovu, sawa na wenzao wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mkulima anayekula mahindi, maharagwe na mboga za shamba lake hupata iodini kwa kadiri tu ambayo udongo wake unayo.

Iodini yenyewe iligunduliwa Ufaransa mnamo 1811, Bernard Courtois alipomwagia majivu ya mwani asidi na kuona mvuke wa zambarau ukipaa. Mnamo 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva alianza kuwapa wagonjwa wa rovu. Wengi walipata nafuu, lakini baadhi yao walianza kukonda, kutetemeka na kwenda mbio moyo, na daktari huyo akashambuliwa vikali. Karne nzima ilipita kabla ya kufahamika kuwa tatizo halikuwa dawa bali kipimo. Mnamo 1917 David Marine na mwenzake Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule mjini Akron, Marekani, iodini kwa vipimo vilivyopangwa, na rovu likazuilika. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mnamo 1922, na jimbo la Michigan likafuata mnamo 1924.

Chumvi ilichaguliwa kwa sababu tajiri na maskini huila kila siku na kwa kiasi kinachokaribiana. Humu nchini, kutia iodini katika chumvi kulifanywa lazima mnamo 1978. Mnamo 1988 kiwango kilipandishwa hadi miligramu 100 za iodini kwa kila kilo ya chumvi, kiwango cha juu sana ambacho baadaye kiliteremshwa. Nchini Tanzania, ambako iodini huitwa madini joto, serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi wakati ikisubiri chumvi yenye madini hayo iwafikie wananchi.

Wapo wanaodai kuwa chumvi ya Kenya haihitaji kutiwa chochote kwa kuwa hutengenezwa kwa maji ya bahari katika mabwawa ya Gongoni na Marereni, Kaunti ya Kilifi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kosa hilo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi na takriban mikrogramu 60 za iodini. Hata kama iodini yote ingebaki katika chembe za chumvi maji yanapokauka, na haibaki, gramu tano za chumvi hiyo zingempa mtu chini ya mikrogramu 10. Gramu tano za chumvi iliyotiwa miligramu 30 kwa kilo humpa mikrogramu 150, yaani mahitaji yake ya siku nzima. Hali kadhalika, chumvi ya rangi ya waridi inayotoka Pakistan, ambayo siku hizi hupamba rafu za maduka makubwa kwa bei ya juu, kwa kawaida haina iodini ya maana. Familia inayoacha chumvi ya pakiti na kutumia hiyo, ikiamini imejitakia afya, inarudi alikokuwa babu.

Iodini hutiwa katika chumvi ikiwa katika hali ya iodeti ya potasiamu, ambayo hustahimili joto na unyevu kuliko iodaidi inayotumiwa katika baadhi ya nchi za baridi. Hata hivyo, pakiti iliyoachwa wazi karibu na meko au mahali penye unyevu hupoteza nguvu. Inafaa chumvi iwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko. Wala hakuna sababu ya kula chumvi nyingi kwa ajili ya iodini: gramu tano, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, ndicho kikomo ambacho WHO limeweka kwa sababu ya shinikizo la damu, na zinatosha.

Wiki ambazo hazirudi

Hatari kubwa ya upungufu wa iodini si rovu. Rovu linaonekana, lakini madhara makubwa hutokea mahali ambapo jicho halifiki. Katika miezi mitatu au minne ya kwanza ya mimba, kijusi hakijaanza kutengeneza homoni zake za thairoidi kwa kiasi cha kutosha. Ubongo wake hujengwa kwa thairoksini ya mama inayopitia kondo la nyuma. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mtoto huweza kuzaliwa akiwa kiziwi, bubu, mwenye miguu iliyokakamaa na akili iliyodumaa maisha yake yote. Upungufu mdogo hauleti maafa ya namna hiyo, lakini huweza kupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana Papua New Guinea. Kuanzia 1966, katika vijiji vya milimani, baadhi ya familia zilidungwa sindano ya mafuta yenye iodini na nyingine sindano ya maji ya chumvi. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 1971 yalionyesha kuwa sindano ya iodini iliwakinga watoto na ulemavu huo, lakini ilipotolewa kabla ya mama kushika mimba. Waliodungwa wakiwa tayari wajawazito walikuwa wamechelewa.

Hapa ndipo chumvi inapokishinda kidonge. Akina mama wengi nchini huhudhuria kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu kupita. Kidonge cha iodini ambacho wangepewa siku hiyo kingefika wakati msingi wa ubongo umekwisha kuwekwa, ilhali chumvi ya jikoni ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo WHO na shirika la UNICEF walieleza mnamo 2007 kuwa nchi ambako chumvi yenye iodini inafikia zaidi ya asilimia 90 ya nyumba hazihitaji kuwapa wajawazito wote iodini ya ziada. Kenya imo katika kundi hilo. Marekani, madaktari wa thairoidi hupendekeza mjamzito anywe mikrogramu 150 za ziada kila siku, kwa kuwa chakula kingi huko hutoka viwandani na chumvi yake mara nyingi haina iodini. Mkenya anayeishi huko afuate ushauri wa huko. Aliye Nyeri au Kakamega anayeusoma katika simu yake hana haja ya kuuiga.

Funzo la Kongo

Katikati ya Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960, daktari Mbelgiji Francois Delange na wenzake waliona jambo la kushangaza kisiwani humo. Wakazi wa kaskazini na wale wa kusini-magharibi walipata iodini kidogo kwa kiasi kilichokaribiana, lakini rovu lilikuwa limeenea mno kaskazini na kuwa nadra upande wa pili. Ilidhihirika kuwa muhogo ulikuwa na mkono katika tofauti hiyo. Muhogo usiolowekwa vyema huacha sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thayosianeti, na kemikali hiyo huizuia iodini kuingia ndani ya tezi. Moshi wa sigara nao huleta thayosianeti.

Kabeji na sukuma wiki pia zina viambato vinavyoweza kuisumbua thairoidi, na jambo hili limewatia hofu wasomaji wengi bila sababu. Mboga hizo hudhuru pale tu ambapo iodini ni haba na mboga zenyewe zinaliwa kwa wingi wa kupindukia, tena zikiwa mbichi. Kupika hupunguza makali hayo. Anayekula ugali na sukuma wiki iliyokaangwa na kutiwa chumvi ya pakiti hana la kuogopa. Muhogo nao ulowekwe, uanikwe au uchemshwe vizuri kama ambavyo nyanya walifanya siku zote.

Kisa cha pili cha Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, ndicho chenye uzito zaidi kwa anayefikiria kununua kopo la seleniamu. Kaskazini mwa nchi hiyo, katika eneo la Ubangi, watu walikuwa wamepungukiwa na iodini na vilevile seleniamu. Seleniamu ni sehemu ya vimeng'enya vinavyoigeuza T4 kuwa T3, ambayo ndiyo homoni inayofanya kazi hasa. Aidha, huilinda tezi dhidi ya sumu inayozalishwa wakati homoni inapotengenezwa. Basi ilionekana jambo la busara kuwapa watu hao seleniamu. Watafiti wakawapa baadhi yao mikrogramu 50 kwa siku kwa muda wa miezi miwili.

Matokeo yaliyochapishwa mnamo 1991 yalikuwa kinyume cha matarajio. Kiwango cha T4 katika damu kilishuka, na wale ambao tezi zao zilikuwa tayari dhaifu wakazidi kudhoofika. Vile vimeng'enya vilipoamka viliharakisha kuivunja T4 iliyokuwepo, na iodini iliyotoka humo ikapotea, wakati tezi haikuwa na nyingine ya kuifidia. Watafiti hao wakaonya kuwa ni hatari kumpa seleniamu mtu aliyepungukiwa na iodini kabla ya kurekebisha iodini kwanza. Maelezo ya nyuma ya makopo yanayouzwa leo hayana onyo kama hilo.

Si kwamba seleniamu haina faida. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 hivi kwa siku, ambazo hupatikana katika samaki, mayai, nyama na maini. Omena na ngege wa Ziwa Victoria wana iodini kidogo kuliko samaki wa baharini, lakini ni chanzo kizuri cha seleniamu. Katika utafiti uliofanywa Ulaya na kuchapishwa mnamo 2011, seleniamu iliwasaidia wagonjwa waliokuwa na madhara madogo ya macho yanayoletwa na ugonjwa wa Graves. Kwa wagonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia thairoidi, imeonekana kupunguza kingamwili katika damu, lakini haijathibitishwa kuwa mgonjwa hupata nafuu. Ikizidi sana, nywele hunyonyoka na kucha hukatika, dalili zilezile ambazo baadhi ya watu huinunua ili kuzitibu.

Damu pungufu, iodini bure

Kati ya wenzi wote wa iodini, huenda madini ya chuma ndiyo yanayostahili kuangaliwa zaidi humu nchini, kwa kuwa upungufu wa damu ungali umeenea miongoni mwa akina mama na watoto. Kimeng'enya kinachoiunganisha iodini na homoni kinahitaji chuma. Kikikosekana, iodini hufika tezini ikakosa fundi wa kuitumia.

Michael Zimmermann na wenzake walilionyesha hilo magharibi mwa Ivory Coast. Watoto wenye rovu walipewa kipimo kimoja cha mafuta yenye iodini. Wiki 30 baadaye, miongoni mwa wasiokuwa na upungufu wa damu, takriban mmoja kati ya wanane ndiye aliyekuwa bado na rovu. Miongoni mwa wenye upungufu wa damu, zaidi ya nusu walikuwa nalo. Walipopewa vidonge vya chuma, marovu yao nayo yakaanza kunywea.

Kwa hiyo mama mjamzito anayevitupa vidonge vya chuma na asidi ya foliki alivyopewa kliniki kwa kuwa vinamtia kichefuchefu au kumfungia choo, kisha akanunua matone ya iodini, amekosea mara mbili. Vidonge hivyo, vyenye miligramu 60 za chuma, hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Vikimsumbua, avinywe usiku baada ya chakula na amweleze muuguzi. Chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia chuma kuingia mwilini. Chungwa au pera hukisaidia. Maharagwe, terere, kunde, nyama na maini ni vyanzo vizuri.

Vitamini A ina kazi yake pia, kwani upungufu wake huifanya pituitari itoe TSH kupita kiasi. Watoto wa umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupewa matone yake kila baada ya miezi sita, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, karoti na mboga za majani huwafaa wote. Mjamzito asinywe dozi kubwa za vitamini hiyo, kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto tumboni. Zinki hutajwa mara nyingi, lakini ushahidi wake kuhusu thairoidi ni mdogo.

Wakati tiba inapogeuka sumu

Tone moja la mchanganyiko wa Lugol, uliobuniwa Ufaransa mnamo 1829 na ambao hospitali hutumia kwa siku chache kabla ya upasuaji wa tezi, huwa na takriban mikrogramu 6,000 za iodini. Hayo ni mahitaji ya siku 40. Wapo wanaoshauriwa na wasio madaktari kunywa matone kadhaa kila asubuhi. Mtu mwenye tezi yenye afya huenda akavumilia kwa muda. Mwenye rovu la miaka mingi ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye hasa anayeuziwa. Rovu la kale huwa na vinundu visivyotii amri ya pituitari. Vikipata iodini kwa ghafla hutoa homoni bila breki, na moyo ukaanza kwenda mbio. Jambo hilo lilitokea Zimbabwe na katika eneo la Kivu katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini nyingi mno ilipoingia sokoni. Kwa wengine iodini ya ziada hufanya kinyume, ikaizima tezi kabisa. Katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi nchini Algeria, rovu limepatikana kwa watoto kwa sababu ya iodini kuzidi, na nchini Somalia watafiti walieleza mnamo 2014 kuwa maji ya visima ndiyo yaliyowapa watu iodini kupita kiasi.

Mwenye uvimbe shingoni, au anayekonda na kutetemeka, au anayehisi baridi na uchovu usioelezeka, anahitaji kwanza kupimwa TSH. Kipimo hicho hufanywa kwa damu kidogo katika hospitali nyingi za kaunti na maabara za kibinafsi. Uvimbe unaokua haraka, mgumu, au unaobadilisha sauti unapasa kuonwa na daktari bila kukawia.

Waliokwisha kuandikiwa levothairoksini wanatakiwa kuinywa kwa maji matupu kabla ya kula, kisha wasubiri nusu saa au saa nzima kabla ya staftahi. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu huifunga dawa hiyo tumboni, kwa hiyo viachiwe nafasi ya saa nne. Ni jambo la kuzingatiwa hasa na mjamzito anayetumia zote mbili: levothairoksini alfajiri, chuma usiku. Naye anayemeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha aiache kwa angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na amwarifu daktari, kwa kuwa huvuruga vipimo na kuonyesha ugonjwa wa thairoidi kwa mtu asiyekuwa nao.